Dermatomayosaitisi: jina refu la ugonjwa, na mtu aliyeishi nao miaka 15

Huenda umefika kwenye ukurasa huu ukiwa na karatasi ya hospitali mkononi. Juu yake limeandikwa neno ambalo hujawahi kulisikia, na daktari alilitamka haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Sasa mtoto amelala, nyumba imetulia, na unalitafuta neno hilo peke yako.

Tungependa ulielewe. Kuna njia nyingi za kueleza ugonjwa, nasi tumechagua kukusimulia maisha ya mtu mmoja aliyeupata: Laurence Olivier, mwigizaji maarufu wa Uingereza aliyefariki mwaka 1989. Alikuwa mtu mzima alipougua, kwa hiyo tutakuonyesha wapi habari yake inafanana na ya mwanao na wapi inatofautiana. Lakini neno alilopewa na madaktari wake ni karibu sawa na hilo ulilopewa wewe, na alichopitia kinalieleza vizuri.

Neno hilo lina maana gani?

Usilisome lote kwa mara moja. Lichukue kipande kwa kipande.

Derma ni ngozi. Mayo ni misuli, yaani nyama zinazotuwezesha kusimama, kutembea na kunyanyua vitu. Mwisho wa neno, aitisi, maana yake ni kwamba sehemu fulani ya mwili imevimba na kuwaka kwa ndani. Mwisho huo huenda umeshausikia. Tonsilaitisi ni kuvimba kwa mafindofindo ya koo, na meninjaitisi ni homa ya uti wa mgongo. Basi dermatomayosaitisi ni ugonjwa unaofanya ngozi na misuli kuvimba na kuwaka kwa ndani.

Jina hili lilitumiwa na daktari wa Kijerumani, Heinrich Unverricht, mwaka 1891. Madaktari wa Olivier walitumia umbo refu zaidi, dermatopolimayosaitisi. Poli maana yake ni nyingi: misuli iliyoshambuliwa si mmoja, ni mingi kwa pamoja.

Jina linataja mahali palipoumia, lakini halitaji nani ameumiza. Aliyeumiza ni kinga ya mwili yenyewe. Kazi ya kinga ni kupigana na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Katika ugonjwa huu, kinga inafanya kama mlinzi wa usiku anayemkamata mwenye nyumba akidhani ni mwizi. Inaishambulia misuli, ngozi, na mishipa midogo ya damu inayovilisha vyote viwili.

Kwa hiyo ugonjwa huu hauambukizi. Watoto wengine wa nyumbani hawataupata kwa kulala kitanda kimoja na mgonjwa au kula naye sahani moja. Haukuletwa na chakula ulichokula ukiwa mjamzito, wala na jicho la mtu, wala na kosa lolote ulilofanya. Wataalamu wanaona kwamba baadhi ya watu huzaliwa na mwelekeo wa kuupata, kisha kitu fulani kama maambukizi au jua kali huuamsha. Hakuna mama ambaye angeweza kuuona unakuja akauzuia.

Mtu aliyefanya kazi kwa mwili wake

Laurence Olivier alizaliwa tarehe 22 Mei 1907 katika mji wa Dorking, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Gerard, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mama yake, Agnes, ndiye aliyekuwa kipenzi chake, na alifariki mwaka 1920, Laurence akiwa na miaka 12 tu. Shuleni alikuwa akiimba kwaya na kuigiza, na tangu akiwa mtoto wa miaka kumi watu wazima waliomtazama jukwaani waliona ana kipaji kisicho cha kawaida.

Kufikia mwaka 1940 alikuwa amejulikana dunia nzima kwa filamu za Marekani. Wakati wa vita kuu ya pili alijiunga na kikosi cha anga cha jeshi la majini la nchi yake. Mwaka 1948 alitoa filamu ya Hamlet, ambayo aliiongoza na kuigiza mwenyewe, ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora na yeye akapata ya mwigizaji bora. Mwaka 1963 akawa mkurugenzi wa kwanza wa Jumba la Taifa la Maigizo la Uingereza, kazi aliyoifanya kwa miaka kumi. Mwaka 1970 akawa mwigizaji wa kwanza nchini mwake kupewa cheo cha ubwana na kiti katika bunge la mabwana.

Jambo la kukumbuka kuhusu kazi yake ni kwamba aliifanya kwa mwili mzima. Hakuwa mtu wa kusimama akisema maneno tu. Mwishoni mwa filamu ya Hamlet anaruka kutoka juu sana na kumwangukia adui yake. Mwaka 1959, akiwa na miaka 52, aliigiza mchezo wa Coriolanus ambamo kila jioni alijitupa kichwa chini kutoka kwenye jukwaa la juu, akabaki akining'inia huku waigizaji wenzake wakimshika vifundo vya miguu. Mapaja, mgongo, mabega na sauti vilikuwa vyombo vyake vya kazi, kama jembe lilivyo kwa mkulima.

Mwaka 1967 aligundulika kuwa na saratani ya tezi dume. Alitibiwa na akarudi kazini. Mwishoni mwa mwaka 1973 alianza kuigiza katika mchezo uitwao The Party, akiwa na hotuba moja iliyochukua kama dakika 20. Maonyesho hayo yaliisha Machi 1974. Watazamaji wa usiku wa mwisho hawakujua kwamba hawatamwona tena akiigiza mbele yao.

Mwaka 1974

Mwaka huohuo, akiwa na miaka 67, misuli yake ilianza kumwacha. Alilazwa hospitalini huko Brighton, mji wa pwani alikokuwa akiishi na familia yake, na akakaa huko kwa miezi. Hali yake ilikuwa mbaya kiasi kwamba alikaribia kufa. Mtu aliyekuwa akiruka kutoka juu ya jukwaa sasa alikuwa amelala kitandani bila nguvu.

Nyumbani alikuwa na mke wake, Joan Plowright, naye pia mwigizaji mwenye kazi yake, na watoto wao watatu. Mkubwa, Richard, alikuwa na miaka 12. Tamsin alikuwa na miaka 11, na Julie-Kate miaka minane. Kama wewe ndiye unayelea mgonjwa huku nyumba ikikungoja, unajua siku za Joan zilikuwaje bila kuelezwa.

Ugonjwa huu hupenda kushambulia misuli iliyo karibu na kiwiliwili: ya nyonga, mapaja, mabega, shingo na tumbo. Misuli ya mbali, kama ile ya vidole, kwa kawaida huchelewa kuguswa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuandika jina lake vizuri na kufunga vifungo vya shati, lakini akashindwa kuinuka kitini au kuinua mkono achane nywele. Watu wa nyumbani huchanganyikiwa. Wanamwona anashika kijiko, wanadhani anajifanya anaposema hawezi kupanda ngazi.

Misuli ya koo nayo inaweza kuguswa. Hapo kumeza huwa kwa shida, chakula hupalia, na sauti hubadilika ikawa dhaifu au ikawa kama inatokea puani. Misuli ya kupumua ikiguswa, hatari huwa kubwa zaidi.

Kwa mtoto huonekanaje?

Ugonjwa huu kwa watoto ni nadra. Katika nchi ambako wagonjwa wamehesabiwa, kama Marekani na Uingereza, kila mwaka watoto wapya wanaoupata ni kama 2 hadi 4 kati ya watoto milioni moja. Huwapata zaidi watoto wa shule ya msingi, na wasichana kuliko wavulana. Kwa kuwa ni nadra, mhudumu wa zahanati anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kuuona. Mtoto akapewa dawa ya minyoo, ya upungufu wa damu, ya fangasi au ya mzio, na kila moja isisaidie. Ukijua dalili utaweza kumsaidia mhudumu kufikiria mbali zaidi.

Kwa upande wa misuli, tazama mtoto anavyoinuka sakafuni. Mtoto mwenye udhaifu huu huweka mikono juu ya magoti na mapaja yake, akajisukuma juu kidogo kidogo, kana kwamba anaupanda mwili wake mwenyewe. Anaweza kuomba kubebwa ingawa zamani alikuwa akikimbia. Anachoka mapema, anaanguka mara kwa mara, anashindwa kupanda daladala au kuvua fulana kwa kuipitisha kichwani. Wengine hulalamika kwamba miguu inauma. Wengi hawalalamiki, wanaacha tu kucheza.

Kwa upande wa ngozi, tazama sehemu tatu. Kwanza kope za juu: hubadilika rangi ikawa kama zambarau, na uso karibu na macho unaweza kuvimba. Pili vifundo vya vidole vya mikono: juu yake hutokea vipele au mabaka yaliyokwaruzika, na mara nyingine hutokea pia kwenye viwiko na magoti. Tatu ngozi iliyo karibu na kucha, ambako vishipa vidogo vya damu huvimba na kuonekana.

Vitabu vingi vya tiba vinasema mabaka haya ni mekundu, kwa sababu picha zake zilipigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Mabaka yanaweza kuwa ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivu, na mengine yakaacha madoa yaliyopauka. Mpeleke mtoto mahali penye mwanga wa mchana, umtazame kope na vidole. Ukiwa na simu, piga picha siku mabaka yanapoonekana zaidi, kwa maana siku ya kliniki yanaweza kuwa yamefifia.

Udhaifu wa misuli na mabaka ya ngozi vikija pamoja, mweleze daktari vyote viwili kwa wakati mmoja. Mama mwingine huenda kwa daktari wa ngozi akieleza ngozi tu, kisha kwa daktari mwingine akieleza miguu tu, na hakuna anayeunganisha.

Daktari akishuku ugonjwa huu, ataagiza vipimo vya damu vinavyoonyesha kama misuli inaharibika. Anaweza kuagiza picha ya MRI ya mapaja, au kuchukua kipande kidogo sana cha msuli kikatazamwe kwenye darubini. Si kila mtoto atahitaji vyote. Mara nyingi utapewa rufaa kwenda kwa daktari bingwa wa watoto, wa viungo au wa ngozi katika hospitali kubwa.

Dawa, na kwa nini zinahitaji uvumilivu

Olivier alitibiwa kwa steroidi, dawa zinazoituliza kinga ya mwili. Mpaka leo, nusu karne baadaye, kundi hilo la dawa ndilo linaloanza kutumika, na maarufu zaidi kati yake ni prednisoloni. Kabla ya steroidi kupatikana, takriban theluthi moja ya watoto waliopata ugonjwa huu walifariki, na wengine wengi walibaki na ulemavu. Leo, watoto wanaogunduliwa mapema na kutibiwa ipasavyo karibu wote huishi.

Steroidi hufanya kazi haraka, lakini zina gharama yake mwilini. Mtoto anaweza kuwa na njaa isiyoisha, uso wake ukawa wa mviringo, akawa mkali au mwenye kulia bila sababu, na akakosa usingizi. Zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kudhoofisha mifupa, kupandisha presha na sukari, na kumfanya apate maambukizi kirahisi. Haya yote mweleze daktari. Lakini usimwachishe mtoto dawa hizi ghafla, hata kama amepata nafuu, hata kama jirani amekutisha. Mwili unaotumia steroidi kwa wiki nyingi huacha kutengeneza za kwake, na zikikatwa ghafla mtoto anaweza kuzidiwa vibaya. Daktari atazipunguza polepole.

Mara nyingi huongezwa dawa ya pili, methotreksati, ili kipimo cha steroidi kiweze kupunguzwa mapema. Hapa tunakuomba usome kwa makini: methotreksati kwa ugonjwa huu hutolewa mara moja kwa wiki, si kila siku. Kuitoa kila siku kwa kukosea kunaweza kuua. Chagua siku moja, iandike ukutani, na umweleze kila anayekusaidia kumlea mtoto. Kwa kawaida hutolewa pamoja na vidonge vya asidi ya foliki ili kupunguza madhara yake.

Jua ni adui wa ngozi iliyo na ugonjwa huu, na linaweza kuamsha hata ugonjwa wa misuli. Kofia pana, mikono mirefu na kivuli ni sehemu ya matibabu. Ukiweza kupata mafuta ya kuzuia jua, mpake kila siku, hata siku ya mawingu. Ngozi nyeusi nayo inahitaji kinga hii.

Mazoezi nayo ni dawa. Zamani wagonjwa waliambiwa walale tu. Sasa inajulikana kwamba msuli usiotumika hudhoofika zaidi na viungo hukakamaa. Mtaalamu wa mazoezi tiba atakuonyesha la kufanya kulingana na hali ya mtoto, kuanzia kunyoosha viungo taratibu ugonjwa ukiwa mkali hadi kutembea na kucheza nguvu zinaporudi.

Kabla ya chanjo yoyote, mkumbushe mhudumu kwamba mtoto anatumia dawa hizi, kwa sababu baadhi ya chanjo huenda zikahitaji kusubiri. Akikaa karibu na mtu mwenye tetekuwanga au surua, piga simu au nenda kliniki hata kama hana dalili.

Miaka iliyofuata

Olivier alitoka hospitalini. Hakurudi kuwa mtu wa kuruka kutoka majukwaani, na hakuigiza tena mbele ya watazamaji ukumbini. Mchezo wa jukwaani unadai nguvu za saa tatu mfululizo, kila usiku, na nguvu hizo hakuwa nazo tena.

Alichofanya ni kubadilisha namna ya kufanya kazi. Filamu hupigwa kipande kwa kipande. Unaigiza dakika chache, unakaa, unapumzika, unaigiza tena. Alikuwa na watoto watatu wadogo na hofu ya kuwaacha bila akiba, kwa hiyo alikubali kazi nyingi. Nyingine hazikuwa nzuri, na wakosoaji walisema hivyo wazi. Nyingine zilikuwa bora kabisa. Filamu ya Marathon Man ilitoka mwaka 1976, miaka miwili baada ya kukaribia kufa, na akateuliwa kuwania Oscar. The Boys from Brazil ya mwaka 1978 ikamfanya ateuliwe tena. Mwaka 1979 akapewa Oscar ya heshima kwa kazi ya maisha yake yote.

Oktoba 1976, Malkia Elizabeth alifungua rasmi jengo jipya la Jumba la Taifa la Maigizo kando ya mto Thames, London. Ukumbi mkubwa kuliko yote ndani yake ulipewa jina la Olivier. Alisimama jukwaani akatoa hotuba ya kumkaribisha Malkia. Hiyo ndiyo mara pekee aliyosimama mbele ya watazamaji katika ukumbi wenye jina lake.

Kisha kuna King Lear, mchezo uliotengenezwa kwa televisheni na kuonyeshwa mwaka 1983. Katika tukio la mwisho, mfalme mzee anaingia amembeba binti yake aliyekufa. Olivier hakuwa na nguvu za kumbeba mwigizaji mwenzake. Waandaaji wakamfunga mwigizaji huyo kwa waya zisizoonekana, zikabeba uzito wake huku mikono ya Olivier ikimzunguka. Anayetazama haoni waya. Anaona baba na mtoto wake. Kwa kazi hiyo alipata tuzo ya Emmy.

Fikiria waya hizo unapopanga siku ya mwanao. Nyumbani kwako zinaweza kuwa kigoda cha kuogea ili asisimame muda mrefu. Zinaweza kuwa shati la vifungo badala ya fulana ya kuvutwa kichwani, au mwalimu aliyekubali darasa lisiwe ghorofani na mtoto akae mbali na dirisha lenye jua. Zinaweza kuwa kaka anayebeba begi la shule. Mtoto akisaidiwa hivyo bado shule ni yake na michezo ni yake. Amepunguziwa uzito tu.

Olivier alifariki tarehe 11 Julai 1989 nyumbani kwake Sussex, akiwa na miaka 82, baada ya figo zake kushindwa kufanya kazi. Ilikuwa miaka 15 tangu alazwe Brighton. Majivu yake yaliwekwa katika kanisa la Westminster Abbey, London.

Mwanao si Olivier

Tulikuahidi kukueleza tofauti, na ni muhimu.

Ya kwanza ni umri. Yeye aliugua akiwa na miaka 67, mwili ukiwa umeshachoka. Mtoto ana mwili unaokua, na misuli yake ina uwezo mkubwa wa kujijenga upya. Watoto wengine huugua mara moja, wakatibiwa kwa miaka miwili au mitatu, kisha ugonjwa ukatulia. Wengine hupata nafuu halafu ugonjwa ukarudi. Wengine huendelea kuhitaji dawa kwa muda mrefu. Mwanzoni daktari hawezi kukuambia kwa uhakika mwanao atakuwa kundi gani, na hilo si dalili kwamba anakuficha kitu.

Ya pili ni saratani. Ukitafuta neno hili utakuta maandishi mengi yanayolihusisha na saratani. Ni kweli kwamba kwa watu wazima madaktari hutafuta saratani mgonjwa anapogunduliwa. Kwa watoto uhusiano huo si wa kawaida, na ugonjwa huu haumaanishi kwamba mwanao ana saratani au ataipata.

Ya tatu ni chokaa chini ya ngozi. Hii huwapata watoto zaidi kuliko watu wazima. Ni vivimbe vigumu kama vijiwe, hasa kwenye viwiko, magoti na makalio. Matibabu ya mapema hupunguza uwezekano wake. Ukivigusa unapomwogesha, mwonyeshe daktari, na usijaribu kuvikamua.

Ya nne ni mahali. Olivier aliishi karibu na hospitali yenye kila kitu. Wewe huenda unasafiri usiku kucha kufika kliniki ya rufaa. Panga mapema nauli ya tarehe ya kurudi, nunua dawa kabla hazijaisha, na weka karatasi zote kwenye mfuko mmoja. Pengo la wiki mbili bila dawa linaweza kurudisha ugonjwa nyuma kwa miezi.

Usisubiri tarehe ya kliniki

Mpeleke mtoto hospitali siku hiyohiyo ukiona mojawapo ya haya:

- Anapaliwa akila au akinywa, maji yanatokea puani, au sauti imebadilika.
- Anapumua kwa shida au haraka kuliko kawaida.
- Ana maumivu makali ya tumbo, anatapika damu, au choo kina damu au ni cheusi kama lami.
- Ana homa huku akitumia dawa zinazotuliza kinga.
- Anatapika dawa za steroidi na hawezi kuzimeza tena.
- Nguvu zimepungua ghafla, kwa mfano jana alitembea na leo hawezi kuinua kichwa kitandani.

Ukifika, mwambie mhudumu wa kwanza utakayemwona jina la ugonjwa na dawa anazotumia mtoto. Sasa unaweza kulitamka: ngozi, misuli, kuvimba. Dermatomayosaitisi. Akikuuliza maana yake, mweleze.